Wayahudi nao wana zoezi la Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, la kuwaza mabaya mapema?
Si lilelile. Seneca, Mstoa wa Roma, mji wa Lyon ulipoteketea kwa moto, alimwandikia rafiki yake Lucilius (barua ya 91) kwamba tuyapitishe mabaya yote akilini kabla hayajafika, maana pigo la ghafla ndilo huumiza zaidi. Talmud ya Babeli, mkusanyo wa mijadala ya marabi wa Kiyahudi, ina wasiwasi na hilo: kitabu chake cha Berakhot, 60a, kinataja dua ya kuingia hamamu yenye maneno ya kifo, na Abaye, mmoja wa walimu wake, anakataza, mtu asimfungulie Shetani kinywa chake. Kwetu tungesema usijichulie. Wayahudi na Wastoa wanakaribiana kwenye Mishna (sheria za kale ambazo Talmud inazifafanua), Berakhot 9:5, kuhimidi kwa baya kama kwa jema, ila hiyo ni baya likishafika. Tena Wastoa hawakuwa peke yao. Cicero, mwandishi wa Roma, analihusisha zoezi hilo na Wakirene, kundi jingine la wanafalsafa wa Kigiriki.