Aliyefungwa Analipa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza: "Je, intaneti ya nyumbani imeua utamaduni wa gemu mitaani?" Nililisoma nikiwa kwenye daladala, nikashuka Buguruni bado nalijibu kichwani. Jibu langu lilikuwa fupi: ndiyo, imeua. Mimi nimekulia ndani ya banda la gemu na najua kilichopotea. Naomba nafasi nieleze.

Banda lilikuwa la kaka yangu, Tandika, upande wa Maguruwe. Mabati pande tatu, turubai mbele, mabenchi mawili ya mbao, TV mbili za chogo na PlayStation 2 mbili zilizowekwa chipu ili zisome CD za kuchoma. Vijana wa leo wanaweza wasijue kwamba mashine ile, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Sisi tuliona mbili tu, na zilitosha mtaa mzima. Ligi yote ya Maguruwe ilikaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya MB 8, ambayo kaka aliilaza kwenye mfuko wa shati kila usiku alipofunga banda. Mtu akisema kadi imefutika, watu walikuwa wanashika vichwa kama kuna msiba.

Sheria ziliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila. Matusi marufuku. Mwanafunzi mwenye sare haruhusiwi. Na ile kubwa, ya mwanzo kabisa: ALIYEFUNGWA ANALIPA. Mechi moja mia mbili. Ukishinda unabaki kwenye benchi, ukifungwa unalipa na kumpisha mwingine. Kijana asiye na hela, akiwa na kipaji, aliweza kucheza kuanzia mchana hadi usiku bila kutoa shilingi. Nani anaweza kupata kitu cha namna hiyo leo?

Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kopo la Blue Band kupokea sarafu. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Asubuhi, kabla ya wateja, nilifagia banda, na nikimaliza kufagia nilikuwa nawasha mashine moja na kucheza peke yangu mpaka kaka aamke. Hakunikataza. Alisema tu nisitumie umeme mwingi, LUKU haina huruma.

Usiku ninaotaka kuwasimulia ni wa mwaka 2006, mwaka wa mgao. Mnaokumbuka mnakumbuka: mvua zilikataa, maji yakapungua mabwawani, Mtera ikabaki na matope, na umeme ukawa unakuja na kuondoka kama mgeni. Siku hiyo ulikatika asubuhi na kurudi saa tatu usiku. Mtaa ukapiga kelele zile za "Huooo!" Kaka alikuwa amekwenda kula nyumbani, kaniacha nikilinda banda na mshumaa. Wateja wengi walishakata tamaa na kuondoka. Aliyekuja wa kwanza ni yule tuliyemjua wote kuwa bingwa. Sitamtaja, ni mtu mzima mwenye familia sasa. Alikuwa na miaka kama ishirini, fundi wa kuziba pancha, na mikono yake ilikuwa myepesi kwenye pedi, kile kidude cha kubonyezea gemu, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Akaangalia huku na huku, hakuna mtu. Akaniambia, "Dogo, njoo nipashie viungo mpaka watu waje."

Nikaweka kopo chini, nikakaa kwenye benchi. Tulikuwa tunaicheza Winning, ndivyo tulivyoiita gemu ya mpira ya Winning Eleven. Yeye alichukua Inter ya Italia kama kawaida yake, kwa sababu ya mshambuliaji wao Adriano. Anayejua gemu za miaka ile ataelewa: Adriano akipiga shuti kutoka nje ya boksi, kipa alikuwa anaokota mpira wavuni. Mimi nikachukua Arsenal ya Henry, timu niliyoizoea asubuhi zangu za kufagia. Dakika za mwanzo Adriano alinifunga kutoka mbali, hata sikushangaa. Nikasawazisha. Akafunga tena, shuti lilelile, kona ileile. Nikagundua kwamba anatafuta nafasi moja tu, kuusogeza mpira kwenye mguu wa kushoto, basi nikawa naleta beki wawili upande huo na kumwachia njia ya upande wa pili. Ikawa mbili kwa mbili. Wakati huo watu walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja, wanasimama nyuma yetu bila kukaa. Nilihisi joto la watu mgongoni lakini sikugeuka. Zikiwa zimebaki dakika chache za kwenye saa ya gemu, nilimpenyezea Henry mpira katikati ya mabeki, akamzunguka kipa, nikabonyeza polepole kabisa, kama mtu anayeweka yai mezani.

Tatu kwa mbili. Banda zima lililipuka. Kuna mtu alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

Yule bingwa akaweka pedi kwenye benchi. Akasema, "Haya, sasa tuanze. Ile ilikuwa ya kupasha."

Mimi nikainama, nikachukua kopo, nikamnyooshea. Sikusema neno. Sheria ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake. Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi, akacheka. Wengine nao wakacheka, walewale waliokuwa wakishangilia. Akasema hawezi kumlipa mtoto wa kike. Nikaendelea kulinyoosha kopo. Mkono ukaanza kuniuma lakini sikuushusha. Hapo ndipo kaka alipoingia, bado anajifuta mikono. Wakamweleza, wote kwa mpigo. Akaisoma ile karatasi ya manila kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine. Kisha akasema, "Mwache, ni mteja." Akatoa sarafu ya mia mbili mfukoni mwake, ile ya Mzee Karume, akaitumbukiza kwenye kopo langu. Mlio wake ninausikia mpaka leo.

Wiki iliyofuata mama aliniondoa mlangoni. Maneno yalikuwa yamefika nyumbani kwamba binti anakesha na wahuni. Banda liliendelea miaka mingine minne hivi bila mimi.

Nimeandika hadi hapa nikasimama. Nilikusudia kuwasifia mabanda, na nimesimulia jinsi banda lilivyonitoa. Sikupanga hivyo. Lakini nikilisoma swali lenu tena, naona linasema "utamaduni wa mitaani" kana kwamba mtaa ulikuwa wa kila mtu. Nusu ya watoto wa mtaa walikuwa ndani wanaosha vyombo wakati ule utamaduni unajengwa. Wachezaji wote wa Maguruwe ninaowakumbuka ni wavulana, ukiniondoa mimi, na mimi nilicheza mechi moja ya hesabu.

Sasa nina binti wa rika lile nililokuwa nalo. Tunaishi Kinyerezi, na faiba, intaneti ya waya, iliingia nyumbani kwetu mwaka 2022. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika pwani yetu Julai 2009, mwingine wa EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa kwenda mikoani. Kutoka baharini hadi kwenye ukuta wa sebule yangu ilichukua zaidi ya miaka kumi. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa bando. Nadhani hamjasahau Aprili 2021, bei mpya za bando zilipotangazwa, watu wakapiga kelele mpaka serikali ikazisitisha. Gemu kubwa ya siku hizi inaweza kuzidi GB 100. Kwa bando la vocha hakuna mzazi wa kawaida anayeweza kupakua kitu hicho. Ndiyo maana mtu akiniambia intaneti ya nyumbani ni anasa iliyowaharibu watoto, namuuliza, ni watoto wangapi hapa mjini walio nayo? Wengi wanacheza kwenye simu, bando likiisha wanatoka nje kucheza chandimu.

Wala tusidhani kwamba ukishaunganishwa umekaribishwa. Binti yangu anacheza EA Sports FC, gemu ya mpira ambayo hadi 2023 ilikuwa inaitwa FIFA. Ili acheze na wenzake wa mbali ilibidi afunguliwe akaunti ya PlayStation, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi. Binamu yake akamwandika kuwa ni mkazi wa Afrika Kusini. Mei 2024 Sony, wenye PlayStation, ilipotangaza kwamba wanaocheza gemu yao ya vita Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa dukani kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo huduma haijafika, na Sony ikaliondoa sharti hilo siku chache baadaye kwa sababu wachezaji walikataa. Wengi walishangaa kwamba kuna nchi nyingi hivyo zisizo kwenye orodha. Sisi hatukushangaa.

Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar hadi London ni kama kilomita 7,500 ukinyoosha kamba, na mkongo haukunyooka. Kwenda na kurudi, hata mwanga usisimame popote, ni milisekunde 75, na kwa hali halisi huwa zaidi sana. Mtoto anabonyeza Kinyerezi, mwenzake wa Ulaya ameshapita. Namsikia akilalamika, "Mama, pingi imepanda," yaani ule muda wa kwenda na kurudi umeongezeka. Mwanzoni nilidhani anatafuta kisingizio cha kufungwa. Siku hizi namwamini.

Mwezi huohuo wa Mei 2024, Jumapili tarehe 12, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini mwetu, na nchi nzima ikazubaa. Simu zilionyesha alama ya mtandao lakini hakuna kilichofunguka. Binti yangu alizunguka sebuleni kama kuku aliyepotelewa na kiota. Nikamwambia alete pedi ya pili. Alinitazama kwa mashaka, maana hakuwahi kuniona nikishika. Tukakaa chini kwenye mkeka. Alinifunga nne kwa moja. Bao langu lilikuwa la kupenyeza katikati, lilelile.

Nilipomwomba anionyeshe rekodi zake za mtandaoni mtandao ukirudi, ndipo nilipoona jina analotumia. Ni la kiume. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ukitumia jina la kike wanakutukana, au wanaacha mechi wakiwa wamefungwa ili isihesabike. Ndiyo maana pia huwa anazima kipaza sauti. Alilisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwamba mvua ikinyesha unachukua mwavuli. Mimi nilihisi mkono wangu unauma.

Kwa hiyo sijui niwajibu nini kwa neno moja. Intaneti ya nyumbani haikuua kitu kilichokuwa cha binti yangu. Ilimpa benchi ambalo mimi niliondolewa, na ameketi juu yake akiwa amejifunika uso. Lakini siwezi kusema hakuna kilichokufa. Alipofunga bao lake zuri kuliko yote, hakuna aliyempiga mgongoni. Nilikuwa jikoni. Nilisikia kelele moja fupi kupitia ukuta, basi. Mimi, pamoja na yote yaliyofuata, nina ule usiku na zile sauti nyuma yangu, na sitaki kudanganya kwamba ningekubali kuubadilisha na faiba.

Jana nilimpigia kaka ili nihakikishe sikosei kumbukumbu. Sasa ana duka la vifaa vya simu palepale Tandika. Anamkumbuka bingwa. Anamkumbuka Adriano. Anakumbuka hata uniti za LUKU zilikuwa zinakwisha siku gani. Nikamuuliza kuhusu ile mia mbili aliyomlipia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mia mbili gani?"

Kama mnataka msimamo, chukueni huu, ingawa unapingana na nilikoanzia: mwenye uwezo wa kuweka intaneti nyumbani aiweke, na mwenye mtoto wa kike aiweke mapema zaidi, lakini TV ikae sebuleni na pedi ziwe mbili, na mlango usifungwe wenzake wa mtaani wakija. Kwangu Jumamosi wanakuja wanne, wawili ni wasichana wa jirani. Kelele zao zinafika barabarani. Za kuwanunulia juisi ni nyingi kuliko nilivyotegemea, na kuna Jumamosi ninazotamani wasije.

Jina lake mtandaoni bado ni lile la kiume. Nilitaka kumwambia alibadilishe, nikakumbuka kwamba atakayetukanwa si mimi. Nimemwachia aamue. Malipo ya mwezi yanaisha tarehe 28, na nitalipia tena.

Msomaji wenu,
Kinyerezi, Dar es Salaam