Jibu: Mzingo umetolewa, pande za pembetatu kubwa zinapatikanaje?

Mkuu, swali la mwanao halina mtego. Pembetatu ndogo ina pande za sm 4, 6 na 7. Kubwa inafanana nayo na mzingo wake ni sm 51. Wewe umetoa 17, yaani mzingo wa ndogo, kwenye 51, ile 34 ukaigawa kwa pande tatu, ukajumlisha. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Ukiongeza kiasi kilekile kila upande, pembe zinabadilika na umbo linakuwa jingine kabisa. Maumbo yanayofanana huzidishwa.

Gawa mzingo kwa mzingo: 51 ÷ 17 = 3. Kila upande mara 3, unapata sm 12, 18 na 21. Jumlisha uhakikishe, 51 hiyo hapo. Mzingo unafuata uwiano wa pande kwa sababu 4×3 + 6×3 + 7×3 ni sawasawa na 17×3, basi. Akitoka kubwa kwenda ndogo, azidishe kwa 1/3.

Akitaka kuona kwa macho, mpeleke stesheneri. Karatasi ya A4 ni mm 210 kwa 297, A3 ni 297 kwa 420. Ukigawa 297 kwa 210, au 420 kwa 297, yote inakuja kama 1.41, ndiyo ile 141% ya kukuza A4 iwe A3 kwenye mashine ya fotokopi. Mizingo yake, mm 1,014 na 1,434, nayo hivyohivyo. Ila eneo asilipeleke huko: linakwenda kwa mraba wa uwiano, ndiyo maana A3 moja ni A4 mbili, na pembetatu yake kubwa ina eneo mara 9.