"Ingenious": lilikotoka, maana yake, na mtego wa "ingenuous"

Ndugu uliyeuliza kama neno la Kiingereza "ingenious", yaani -erevu wa kubuni, limetokana na "genius" au na "engine": hayo matatu ni ya ukoo mmoja, lakini "genius" na "engine" hayakuzaa "ingenious".

Babu yao ni Kilatini "gignere", kuzaa. Ukitanguliza "in-" unapata "ingenium", akili aliyozaliwa nayo mtu. Hapo likatoka "ingeniosus", Wafaransa wakalifanya "ingénieux", na Kiingereza kikalipokea karne ya 15. "Ingenium" hilohilo lilikuwa limeshapita Kifaransa cha kale likawa "engin": kwanza werevu na hila, kisha chombo kilichoundwa kwa werevu, hasa mitambo ya vita ya kubomolea kuta. Muundaji wa mitambo hiyo ndiye "engineer" wa mwanzo. Kwa hiyo fundi wa Katwe, Kampala, akikwambia injini ya bodaboda imekufa, ametamka neno ambalo zamani lilikuwa na maana ya akili. "Mhandisi" limepita njia nyingine kabisa: Kiarabu "handasa", kutoka Kiajemi "andaza", kipimo. Kazi ni moja. Jina moja linasifu kichwa, jingine futikamba.

Matumizi ya leo: "ingenious" ni werevu wa kutatua jambo kwa njia ambayo wengine hawakuiona. Rimu kuukuu ya gari ikigeuzwa sigiri, matundu yake yakapitisha hewa na kudondosha majivu, hiyo ni "ingenious". "Innovative" hutazama upya wa kitu, maana "novus" ni -pya. Kitu kinaweza kuwa kipya bila werevu wowote.

Mtego sasa. "Ingenuous" ni mtu asiye na hila, mwepesi wa kuamini. Kilatini chake ni "ingenuus", aliyezaliwa huru, si mtumwa. Sisi tungesema muungwana, na neno letu lilifuata njia ileile, kutoka uhuru wa kuzaliwa hadi tabia njema. Anayeandika "I am ingenuous" kwenye barua ya kuomba kazi amemwambia mwajiri kuwa anadanganyika upesi. Matamshi hutofautiana: in-JII-nias ni mwerevu, in-JEN-yuas ni asiye na hila. Kwa tahajia, kumbuka kuwa injini inaishia kwa i, na "ingenious" lina i kabla ya "-ous".

Kanuni hiyo inavunjika kwenye nomino. Ubunifu huo ni "ingenuity", kwa u, kwa sababu lilitoka upande wa "ingenuus" na hapo mwanzo lilimaanisha uungwana. Waingereza wenyewe waliyachanganya maneno haya mawili, kosa likazoeleka, nomino ikahamia kwa jirani. "Ingeniousness" limo kamusini ila wachache hulitumia. Ukiliandika hujakosea, utasikika mzito tu.

Nyongeza kwa wenzetu wa Lango na Teso, Uganda, kwenye pamba: "gin", mashine ya kuchambua pamba ambayo Eli Whitney alipata hataza yake Marekani mwaka 1794, ni "engine" iliyokatwa kichwa, na "ginnery", kiwanda cha kuchambulia pamba, likazaliwa humo. "Gin" ya chupani, pombe kali iliyo jamaa ya waragi, haimo kwenye ukoo huu. Hiyo imetokana na jina la mti wa mreteni. Na jini wetu ni wa Kiarabu.