Je, mkimbiaji wa njia ya nane anaonewa na mlio wa bastola?

Kwa bastola ya kawaida ya kuanzishia mbio, ndiyo, anaonewa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kila njia ina upana wa mita 1.22. Mwanzishaji akisimama karibu na njia ya kwanza, mlio unamfikia wa njia ya nane ukiwa umechelewa kama sekunde 0.025. Unaona ni kidogo? Fainali ya mita 100 ya wanaume, Olimpiki ya Paris 2024, Noah Lyles alimshinda Kishane Thompson kwa sekunde 0.005 tu: 9.784 dhidi ya 9.789.

Kwenye mita 400 ni balaa zaidi, maana wakimbiaji hupangwa kwa kupishana, kila njia ya nje ikianzia mbele zaidi. Aliye mita 50 kutoka kwa bastola anasikia karibu sekunde 0.15 baadaye.

Ndiyo maana mashindano makubwa huweka spika nyuma ya vibao vya kuanzia vya kila mkimbiaji, wote wasikie kwa pamoja. Ila bastola ikiendelea kulia kwa nguvu yenyewe, tatizo halijaisha: mlio mkubwa humfanya mtu ashtuke na kuondoka haraka zaidi, kwa hiyo aliye jirani nayo bado ananufaika. Mimi naona dawa ni bastola ya kielektroniki isiyo na mlio wake, sauti itoke kwenye spika peke yake.

Na ile sheria ya kwamba ukiondoka kabla ya sekunde 0.100 umeanza mapema? Inapimwa tangu mlio ulipotoka, si ulipokufikia sikioni.