Jibu: Kwa nini miji na kaunti hukataa kuwanyima huduma wageni wasio na makaratasi

Swali lilikuwa hivi: kama wapiga kura wa California waliwahi kuamua wageni wasio na makaratasi wanyimwe shule na hospitali za umma, mbona miji na bodi za shule za huko huko ndizo zilizopinga? Na Nairobi tukitaka kufanya vivyo hivyo, City Hall, yaani serikali ya kaunti, inaweza?

Waliotangulia kujibu wamesema ni huruma, wengine wakasema ni kutafuta kura. Hayo yapo. Lakini sababu nzito zaidi ni hesabu: anayepitisha katazo siye anayekaa dirishani kulitekeleza, wala siye anayelipia matokeo yake.

Pendekezo la 187, ndiyo hiyo kura ya California, lilipita Novemba 1994 kwa takriban asilimia 59. Tazameni lilichotaka shuleni: kuanzia Januari 1995 kila mtoto mpya akaguliwe uhalali wake; kufikia Januari 1996 wakaguliwe hata waliokuwa darasani tayari, pamoja na wazazi wao; anayeshukiwa aripotiwe ndani ya siku 45. Maana yake mtoto aliyezaliwa Los Angeles, raia kamili, bado mama yake anahojiwa na karani wa shule. Karani huyo hajasomea uhamiaji, kwa hiyo atashuku jina na lafudhi tu. Wachambuzi wa bunge la jimbo walikadiria akiba ya kama dola milioni 200 kwa mwaka. Upande wa pili, gharama za ukaguzi, nyingi zikiangukia kaunti na shule, zingeweza kupita dola milioni 100 mwaka wa kwanza, na kulikuwa na hatari ya kupoteza hadi dola bilioni 15 za serikali kuu kila mwaka, kwa kuwa masharti ya fedha hizo yangekiukwa. Mhasibu yeyote wa kaunti angepinga. Mahakama ilisimamisha sehemu kubwa ya sheria hiyo kabla haijaanza kufanya kazi, na kesi ikafungwa 1999.

Shule zilikuwa na kinga ya awali: hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Plyler v. Doe ya 1982, majaji 5 kwa 4, kwamba mtoto asinyimwe shule ya umma kwa kukosa makaratasi. Sheria ya Texas ya 1975, iliyobatilishwa hapo, ilizuia pesa za jimbo kwa mtoto asiye na makaratasi na kuziruhusu shule zimkatae; shule za mji wa Tyler zikaanza kumtoza dola 1,000 kwa mwaka. Shikeni hapo kwenye pesa, maana ndipo Nairobi inapofanana na Texas bila kujua.

Jambo moja la ufundi ambalo watu hulikosea: sheria ya Marekani ya 1996 inakataza mji kuwazuia wafanyakazi wake kuwapa maafisa wa uhamiaji habari za uhalali wa mtu. Kwa hiyo mji unaojua kazi yake hauandiki "tutaficha", unaandika "hatutauliza". Fomu isipokuwa na kisanduku cha uraia, hakuna cha kukabidhi. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya huduma za umma, pamoja na ukali wake, iliacha wazi matibabu ya dharura, chanjo, na upimaji na tiba ya magonjwa ya kuambukiza.

Sasa kwetu. Katiba ya 2010 ikizungumzia afya kwenye kifungu cha 43 inasema "kila mtu", na 43(2) hairuhusu mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 kinasema "kila mtoto" kuhusu elimu ya msingi. Ikitaka kusema raia, inasema raia, kama kifungu cha 12 kuhusu kitambulisho na pasipoti. Jedwali la Nne linaweka uhamiaji na uraia kwa serikali ya kitaifa, na zahanati na vituo vya afya kwa kaunti. Kanjo, yaani askari wa kaunti, hana mamlaka ya kukagua visa ya mtu. Tena Desemba 2012 idara ya wakimbizi iliagiza huduma kwa wakimbizi wa mijini zisitishwe na wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo Julai 2013.

Kwa hiyo katazo la wazi halitasimama. Shida yetu ni lile lisiloandikwa. Mgawo wa serikali kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na hufuata namba ya mtoto kwenye mfumo wa wizara, namba inayotokana na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu mkuu akimpokea asiye na cheti, chaki na vitabu anavipata kwa mgawo wa wengine. Hakuna aliyemkataza, lakini anasema "leteni cheti kwanza" na mtoto harudi.

Kwenye zahanati hasara iko wazi zaidi. Tiba ya kawaida ya TB (kifua kikuu) ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mgonjwa wa chumba kimoja Mathare akihofia kuulizwa kipande na kuacha mwezi wa pili, kikohozi kimeshapungua, anajiona amepona. Vimelea vilivyobaki ndivyo vinavyoweza kuwa sugu, na havichagui raia kwenye matatu.

Pa kuanzia ni wodi ya uzazi. Mtoto akizaliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, mama asitoke bila karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, majina yakiwa yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti au kadi ya ukimbizi. Herufi moja ikikosewa, cheti hukwama. Aliyejifungulia nyumbani aende kwa naibu wa chifu. Yote yafanyike kabla ya miezi 6, baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye makaratasi mengi zaidi. Na mtu asimtishe karani kwamba anagawa uraia: cheti kinathibitisha kuzaliwa tu, uraia wa kuzaliwa kwetu hutoka kwa mzazi Mkenya.

Mkitaka MCA wenu, yaani mwakilishi wa wodi katika bunge la kaunti, afanye jambo, msimwombe hoja ya kulaani. Mwombeni kamati ya afya ikague fomu za mapokezi za vituo vya kaunti, iondoe swali la uraia pale ambapo tiba haihitaji, na iweke fungu la dawa kwa wagonjwa ambao kituo hakitarudishiwa pesa zao.