Jibu: Kamongo wa mchezo wako apewe nguvu gani?
Mkuu, umeuliza kamongo, yule samaki, apewe nguvu gani zaidi ya kurusha maji kwenye mchezo wako wa viumbe wanaopigana kwa zamu. Anza na mwili wake. Ukipita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, waulize wavuvi: ana mwili mrefu, mapezi membamba kama kamba, na lazima apande juu kuvuta hewa. Hapo umepata udhaifu: adui akimzuia kupanda, uhai unapungua kila zamu. Nguvu yake iwe kujifukia kwenye tope. Anapona taratibu lakini hawezi kushambulia. Mchezaji anabaki anapiga hesabu, na raha yote ya michezo hii iko hapo! Kwenye Pokémon, mchezo maarufu wa aina hii, kiumbe Gyarados ni wa maji na wa kuruka, aina mbili ambazo zote ni dhaifu kwa umeme, hivyo umeme unamuumiza mara 4 ya kawaida, pamoja na ukali wake wote. Kamongo wako naye usimkinge na kila kitu.