Maji, Chumvi na Mafuta Yanayochacha: Majibu kwa Wasomaji

Mchuuzi wa ng'onda, Lamu: Nguru wangu huwakausha wakawa kama ukuni, wala hawaoti ukungu, lakini baada ya wiki chache hugeuka njano na kunuka. Maji yameondoka, kinachowaharibu ni nini?

Ni oksijeni, bwana. Bakteria na ukungu hawaishi pasi na maji, lakini asidi za mafuta hazihitaji maji ili ziungane na oksijeni, na za samaki ndizo dhaifu zaidi: DHA, mojawapo ya asidi za mafuta ya samaki, ina sehemu sita za kushambuliwa na oksijeni, ilhali asidi ya oleiki ya mafuta ya zeituni ina moja tu. Maji huru katika chakula hupimwa kuanzia 0 hadi 1, na mafuta huchacha polepole zaidi yakiwa karibu na 0.3. Yakipungua kuliko hapo, kinga ndogo ambayo maji hayo huyapa mafuta hutoweka. Yakizidi, chembechembe za chuma na shaba hupata njia ya kutembea na kuchochea uharibifu. Sasa tazama kikopo chako cha chumvi kinavyolowa jikoni: chumvi huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75, na hewa yetu ya pwani hufika huko mara nyingi. Ng'onda aliyeachwa wazi hurudishiwa maji yale yale uliyoyatoa juani. Chumvi yenyewe pia huharakisha kuchacha, ingawa singekushauri uiache, kwa kuwa kuoza ni kubaya zaidi. Mfunge samaki kabisa angali mkavu na umweke gizani.

Muuza viazi karai, Malindi: Mafuta yangu hutoa povu na moshi mapema. Je, ni maji ya viazi?

Kwa sehemu, ndiyo. Maji yakikutana na mafuta ya moto huyavunja na kuachia asidi huru, nazo hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huanza kutoa moshi. Hata hivyo mvuke unaopanda huisukuma hewa kando, hivyo mafuta yanayokaa motoni bila viazi huku ukisubiri wateja huharibiwa na oksijeni zaidi kuliko yenye viazi. Punguza moto, chuja makombo ya unga, na usinyunyize chumvi juu ya karai.

Msomaji, Malindi: Namba 319 kwenye lebo ya mafuta ni sumu?

Ni TBHQ, kizuizi cha mafuta kuungana na oksijeni, ambacho kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex huruhusu hadi miligramu 200 kwa kilo ya mafuta. Huchelewesha kuchacha tu. Mafuta yaliyokwisha kuchacha hakiyafufui.

Bibi wa Langoni, Lamu: Kwa nini uto wa simsim hudumu, na mafuta ya nazi niliyopika mwenyewe yana ladha ya sabuni?

Simsim ina vizuizi vyake vya asili vya kuchacha, kama sesamoli. Nazi, ambayo oksijeni haina pa kuishika sana, huharibiwa na maji ya tui yaliyosalia, yanayoachia asidi ya lauriki yenye ladha hiyo. Yapike, bibi, mpaka yaache kutatarika.